Imefungwa, Si Amefungwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: binti wa mtuhumiwa, miaka 41, fundi cherehani, anaishi na mama yake nyuma ya soko.

Naeleza kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, mdogo wangu wa kiume alipeleka simu yake kwa fundi simu. Kesho yake alikuwa anaanza kazi ya udereva mahali ambako mtandao wake haufiki. Mama alishasema haendi mtu huko mpaka ijulikane kama simu ile itakubali laini ya mtandao mwingine. Ilikuwa simu aliyopewa na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi zamani.

Saa sita mchana nilikuwa nashona. Simu yangu iliita, mama akapokea. Alikuwa fundi simu, na maneno aliyosema alinieleza baadaye mwenyewe: "Mama, imefungwa. Mpaka waliofunga wafungue. Leo hairudi." Alimaanisha simu, kwamba haikubali laini ya mtandao mwingine. Cherehani ilikuwa inanguruma, mama akasikia "amefungwa" na "harudi". Nikampigia mdogo wangu, hapatikani. Angepatikanaje, na laini yake iko mezani kwa fundi?

Mama alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwambia, "Mama, tuulize kwanza." Akasema, "Wewe uliza. Mimi nakwenda polisi." Nikamfuata.

Hapa kituoni askari wa kaunta alimwamkia, akapekua kitabu, akasema, "Mama, huyo hatuna." Mama akajibu, "Tafuta vizuri, mwanangu." Kisha akapita kaunta, akashika nondo za mlango wa mahabusu na kumwita mwanawe. Askari alipomvuta, kifungo cha shati la askari kilikatika. Kifungo nitakishona. Lakini mama hakumpiga mtu, na hilo nitalisema popote, hata nikiamshwa usingizini.

Hakuachia nondo mpaka mdogo wangu, aliyeelekezwa na majirani, alipoingia mlangoni, mzima, anauliza kuna nini. Mama alimpapasa uso mbele ya watu wote.

Askari akamuuliza mama kwa nini hakungoja taarifa. Akajibu, "Baba yao alipokamatwa niliingoja. Ilikuja na maiti."

Sisi watoto tuliambiwa baba aliugua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Mlalamikaji, askari wa kaunta, amefika mezani kwangu na kuomba lalamiko lake lifutwe.