Sebule ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Mama kaingia kabatini leo. Kabati la nguo, chumbani kwangu — kafungua, kakaa juu ya viatu vyangu, akidhani ni choo. Nimemkuta tayari kamaliza. Badala ya kuona haya kanifokea: nani kahamisha choo? Nyumba hii nimeijenga mimi!

Ni kweli kaijenga, yeye na marehemu Baba. Na kila mlango kaupaka krimu. Kila ukuta, krimu. Ukisimama koridoni milango yote imefanana kama mapacha. Hata mwenye akili timamu hukosea.

Nesi wa kliniki kashauri tupake mlango wa choo rangi kali, tofauti na mingine yote. Kasema wagonjwa wa kumbukumbu wengine hushika rangi kuliko maneno. Rangi gani? Yoyote, ila ikolee.

Ikolee! Mimi mshona mapazia, ninayeshinda nikiwatia watu moyo — weka zambarau dada, usiogope, hapa haradali itapendeza — nyumbani kwetu sijawahi kuruhusiwa hata mto wa kochi wa kijani. "Nyumba si duka la pipi." Hiyo ndiyo kauli ya Mama tangu nipate akili.

Jumatano, 5 Machi

Mlango wa choo ni bluu! Bluu ya wino, rangi ya mafuta, inang'aa. Jana nimepiga msasa mwenyewe, nimepaka mwenyewe, vidole vimechubuka.

Asubuhi Mama katoka chumbani kwake. Kasimama koridoni, katazama huku, katazama kule. Nimejibanza jikoni hata pumzi sivuti. Akaenda moja kwa moja. Akafunga mlango. Nikasikia maji.

Nimekaa sakafuni nikalia. Kwa sababu ya choo!

Nimempigia Kaka. Kasema vizuri, lakini rangi haitamponya. Eti kwake kuna chumba, mkewe anashinda nyumbani, Mama ahamie kwao. Nimemwambia asimhamishe, hapa ndipo anapopajua. Kasema basi tutaona. Namjua Kaka — akisema tutaona, ameshaona.

Jumapili, 9 Machi

Choo hajakosea tena. Kichwa kimenivimba.

Sasa nawaza sebule. Mama hulipita kochi lake, hufika jikoni, hurudi, analitafuta. Kochi krimu, ukuta krimu, sakafu nayo hivyo hivyo — litaonekanaje? Nyuma yake pakiwa na bluu litajitokeza lenyewe. Nafanya kwa ajili yake. Na kwa ajili yangu. Nusu kwa nusu, nisijidanganye.

Fundi rangi wa mtaani kaja kuangalia, yule tunayemwita Msasa kwa jinsi sauti yake inavyokwaruza. Kasema bluu hii imeshiba, dada, ukipiga ukuta mmoja itakuwa kama kiraka kwenye suruali. Piga zote.

Nimekubali hata hajamaliza kusema.

Jumatano, 12 Machi

Imekwisha. Sebule nzima. Mungu wangu, ilivyopendeza! Mwanga wa dirishani ukiingia unatulia, hautapakai ovyo. Mapazia ya haradali niliyomaliza jana yanawaka kama taa. Msasa mwenyewe kapiga picha akawaonyeshe wateja.

Mama alishinda kwa jirani kukwepa harufu. Jioni nimemrudisha nimemshika mkono. Nilikuwa na hamu kama mtoto anayesubiri zawadi.

Kasimama mlangoni.

"Hodi."

Nikacheka. Mama, ingia bwana!

"Hodi hapa," kasema tena, kwa ile sauti yake ya ugenini. "Wenyewe wapo?"

Nilingoja acheke na yeye. Hakucheka. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, anangoja mtu atoke.

Ikabidi niseme karibu.

Kakaa ukingoni mwa kochi lake mwenyewe, mkoba magotini. Kasifu: mmeipamba nyumba, hongereni. Kisha kaniambia hatakaa sana, giza litamkuta njiani.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba chake anakijua. Koridoni anapajua. Choo, bila shida.

Sebule ni kwa watu. Kila akifika mlangoni — hodi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwita Msasa arudishe krimu. Kakuna kichwa. Bluu hii haimezwi hivi hivi, dada, itachungulia kwa chini, utapata ukuta wa maziwa yaliyochacha. Tujaribu kona moja, uone mwenyewe.

Kajaribu. Kweli — chafu, kama mtu kapangusa ukuta na tambara la jikoni.

Mama katokea. Kapiga kelele: mnaiharibia nini nyumba ya mwenzenu? Kamvamia Msasa, kamnyang'anya rola, krimu ikamwagikia gauni lake lote. Anaitetea bluu! Yeye!

Msasa akawa ananitazama mimi, nimwambie la kufanya. Na mimi nimtazame nani?

Nimemwambia afunge vifaa vyake aende. Kona imebaki vile vile.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka anakuja Jumatatu na gari. Hajauliza, kaarifu.

Nilifungua mdomo nimbishie. Hoja yangu ilikuwa moja tu — asihamishwe, hapa ndipo anapopajua. Hoja yenyewe nimeipiga rangi kwa mkono wangu.

Nikasema haya, njoo.

Jumapili, 16 Machi

Jambo la ajabu. Mama akiwa mgeni ni mpole. Nyumbani kwake alikuwa anatema dawa, anaficha sabuni, ananiita mwizi. Sebuleni kwa watu anakula alichowekewa, anameza dawa, anashukuru. Leo mchana tumekaa pamoja saa nyingi, mimi nashona pindo, yeye anatazama kuta.

Akaniuliza: mwenye nyumba, una watoto?

Nikasema sina.

"Mimi ninao wawili. Wa kiume, huyo ana haraka, alizaliwa na haraka. Na wa kike. Mshonaji, kama wewe. Huyo angeipenda sana rangi hii."

Sikuinua macho kwenye sindano.

Akasema: alipokuwa mdogo aliiba chupa ya wino ya baba yake, akapaka ukuta wa chumba chake, mpaka pale mkono ulipofika. Nikamchapa.

Nakumbuka kuchapwa. Nakumbuka hata fimbo.

"Nikampeleka kwa jirani, nikachukua ndoo nikafute. Nikashindwa kuanza! Nimekaa kwenye kitanda chake nautazama tu. Ulipendeza, mwenzangu. Nilifuta huku nasikitika."

Nikamwuliza: uliwahi kumwambia?

"Nitamwambia nikifika nyumbani."

Sindano imenichoma. Pazia la mteja limeingia damu. Basi, litafuliwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanga nguo zake, dawa, picha ya Baba. Kaka kapiga simu, yuko karibu.

Mama leo hakai. Kavaa sweta nje ndani, hataki nimgeuzie. Anasema amekaa kwa watu vya kutosha, binti yake yuko peke yake, atakuwa na wasiwasi. Kaniomba nimsindikize hata nusu ya njia. Nimemwambia ngoja nivae viatu. Ndiyo hivyo nimekaa kitandani na kiatu kimoja, naandika, ili nisitoke.

Honi. Ni Kaka.

Namwona dirishani, kaacha mlango wa gari wazi. Mama kamfuata mwenyewe, haraka, kama msichana. Anamwuliza kama anaijua nyumba ya binti yake, ile ya krimu. Kaka kamshika mkono. Kasema naijua, Mama, panda.

Kapanda. Kafurahi! Mizigo bado iko hapa miguuni kwangu, sijaitoa.

Sasa kashusha kioo, ananiita. Mwenye nyumba! Asante kwa yote. Binti yangu akipita hapa kunitafuta, mwambie nimeshatangulia nyumbani —