Kiapo Hakina Wakala

Bunju, 14 Februari 2026

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo? Sie huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, anasema ni vumbi la saruji la Wazo, lakini ukimwambia apumzike anakupa ufagio ufagie wewe.

Naandika kwenye karatasi, halafu napiga picha na kutuma kwa simu ya mama, kama ulivyoniambia. Kwenye simu mie huishia "eeh baba, sawa baba" mpaka bando linakwisha.

Habari yenyewe ni hii. Dada Nusaiba amepangiwa siku. Ni Mfungo Mosi, Ijumaa tarehe 10 Aprili, nikahi itasomwa hapa nyumbani baada ya Alasiri. Huyo Suhaib anachomelea mageti pale njia panda. Ni mpole, akija anavua viatu mbali kabisa, utadhani uwanja mzima ni msikiti.

Baba mdogo Talha alimwambia dada, "Kama baba yako hatawahi, si mie nipo?" Dada akamjibu, "Wewe upo kila siku, baba mdogo. Mie namtaka yule wa siku moja." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Baba, ulipoondoka mie nilikuwa chekechea, sikumbuki mengi. Dada anakumbuka. Amehitimu shule hukuwepo, amelazwa hospitali hukuwepo, na hajawahi kulalamika. Safari hii ameomba kitu kimoja: kabla ya nikahi, anapokuja mtu mlangoni kumwuliza mwari kama ameridhia, mtu huyo awe wewe. Jibu lako nitamsomea mwenyewe.

Mwanao,
Zubeda


Columbus, 1 Machi 2026

Mwanangu Zubeda,

Marahaba. Goti zima, baridi ndiyo mbovu. Funga inakwendaje? Huku tunafuturu watu sita kwenye meza ya watu wawili. Revelian, yule Mhaya ninayefanya naye kazi ghalani, hafungi, lakini futari haimpiti.

Tiketi nilikata siku ile ile niliyosoma barua yako. Lakini jana imenifika barua ya serikali ya huku. Ombi langu la uraia limekubaliwa, nimeitwa kula kiapo. Nilipoiona tarehe nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma upya. Ijumaa tarehe 10 Aprili.

Dada yako usimwambie kwanza. Kaa na mama yako, mwende mkawaombe wakwe wasogeze wiki moja tu, iwe tarehe 17. Ijumaa naapa, Jumamosi napanda ndege, Jumatatu niko barazani hapo nakula vitumbua. Tiketi nimeshaisogeza.

Nategemea maneno yenu.

Baba yako,
Bakari


Bunju, 9 Machi 2026

Kwako Baba,

Shikamoo, na Ramadhani iendelee kukukuta salama. Kikohozi cha mama kimepungua.

Tulikwenda Mbweni kwa wakwe mie na mama, kabla ya futari. Mama Suhaib alitusikiliza huku anakuna nazi, hakunyanyua kichwa. Mwisho akasema, "Mwanabaraka, harusi si sufuria ya pilau, useme ipua, kisha useme bandika tena. Ndugu zangu wa Kilwa wameshaomba ruhusa makazini."

Mama akasema, "Ni baba wa mtoto, dada yangu."

"Baba wa mtoto, au baba wa kwenye simu?"

Mama akaufunga ushungi wake upya. Baba, nikasema mie. Mbele ya watu! Nikasema, "Atakuja, mama. Ameshakata tiketi." Sauti ilinitetemeka mpaka nikajionea huruma. Mama Suhaib akaacha kukuna nazi, akaniangalia. "Kumbe haka nako kana mdomo," akacheka. Akakubali tarehe 17. Akasema ni mara hii tu, asisikie tena habari ya kusogeza.

Dada tumemwambia. Aliuliza tu kama bado unapenda kaimati. Halafu akamwambia baba mdogo Talha asihangaike kushona kanzu mpya, mwozeshaji mwenyewe anakuja.

Tunakusubiri.

Mwanao,
Zubeda


Columbus, 27 Machi 2026

Mwanangu Zubeda,

Idd njema tena, ingawa ile ya simu tulishapeana. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Juzi kazini nilikuwa namsimulia Revelian safari yangu. Akaweka boksi chini. "Utasafiri na nini?" Nikamwambia, na ndege, wewe ulidhani na baiskeli? Hakucheka. Yeye ameapa tangu mwaka juzi, anajua.

Siku ya kiapo, kadi yangu ya ukaazi wanaichukua pale pale. Pasi ya kwetu haitakuwa yangu tena, Tanzania hairuhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili. Na pasi ya huku huiombi kabla, unaiomba ukishaapa, ndipo unaanza kusubiri. Yapo maombi ya pasi ya haraka. Nimepiga simu mji huu na ule, nafasi hakuna. Kwa hiyo nikishaapa nitakuwa nimetoka kwetu, na huku sina cha kuonyesha uwanja wa ndege. Nilidhani ni kama nikahi, mtu anainuka kwenye mkeka tayari ni mume. Sikujua, mwanangu. Ile wiki mliyoniombea haitoshi.

Nimewaza hivi. Kiapo hakina wakala, siwezi kumtuma mtu akaniapie. Lakini nikahi, dini yetu ina huruma, baba aliye mbali huweka wakala. Talha atasimama badala yangu, na mie nitakuwa kwenye simu ya video.

Mweleze Nusaiba taratibu, wewe mnasikilizana.

Baba yako,
Bakari


Bunju, 29 Machi 2026

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mama mzima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kuna mahali sijapaelewa. Yaani kwa kuwa dini yetu ina huruma, basi yenyewe ndiyo isubiri? Na wale wasio na huruma ndio wapewe siku yao?

Tafadhali, baba, omba siku nyingine ya kiapo. Lazima wanaruhusu. Watu huugua, watu hufiwa. Mama Suhaib hawezi kuombwa tena, na ni mie niliyemwambia utakuja.

Dada sijamwambia. Ameshawekwa ndani, somo yake anayemfunda anamsinga mwili mzima kila siku, ananukia liwa mpaka ukumbini. Akiniona na simu ananiuliza kama umeandika. Namwambia mtandao unasumbua. Sijazoea kumdanganya, nafikiri ananiona usoni.

Nijibu kabla ya tarehe 10.

Mwanao,
Zubeda


Columbus, 12 Aprili 2026

Mwanangu Zubeda,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Nimekula kiapo juzi.

Barua yako niliipata siku uliyoituma. Kila nikishika kalamu naiweka. Ni kweli wanaruhusu kuomba siku nyingine. Lakini Revelian ana jamaa yake aliyeomba hivyo akakaa karibu mwaka bila kuitwa, na sheria za huku siku hizi hazitabiriki, mlango ulio wazi leo kesho unausukuma haufunguki.

Na mlango huu si wangu, Zubeda. Ni wako. Nusaiba anaolewa, atakuwa na kwake. Wewe bado mdogo, umemaliza shule, chuo utasoma huku, na mtoto wa raia anaweza kuletwa huku bila foleni ndefu. Nilipoinua mkono pale ukumbini nilikuwa nakuona wewe unashuka kwenye ndege na begi lako. Siku ya Idd nilipokudokezea kwenye simu hukusema kitu, nikajua umefurahi. Nimeshaanza kushughulikia makaratasi yako.

Sheikh nimezungumza naye kwa simu, mashahidi wakisikia, nimemweka Talha awe wakala wangu. Lakini mlangoni nitamwuliza Nusaiba mwenyewe, kwa video. Mwambie ni sawa na kuwepo.

Tulipotoka walimpa kila mtu bendera ndogo ya kupepea. Wenzangu walipiga nazo picha. Yangu nimeitia mfukoni, sikujua niifanye nini.

Baba yako,
Bakari


Bunju, 20 Aprili 2026

Kwako Baba,

Shikamoo. Naamini umeamka salama. Mama yuko salama, amechoka tu, nyumba imejaa masufuria ya watu. Dada yuko kwake Mbweni, mzima.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona kwenye video.

Kwamba huji, nilimwambia Jumatatu, akiwa anasingwa. Alisema, "Basi," akampa somo yake mkono wa pili. Hakuuliza kwa nini, na mie sikumwambia kwamba sababu ni mie.

Ijumaa baada ya Alasiri, sheikh na baba mdogo Talha walikuja mlangoni na mashahidi. Baba mdogo alikuwa na kanzu yake ya zamani. Akapenyeza simu kwenye pazia, akaishika juu kwa mikono miwili kama anayeshika taa. Sie tulikuona vizuri. Nyuma yako palikuwa na dirisha, asubuhi ya kwenu.

Ukasema, "Nusaiba mwanangu, umeridhia uozeshwe kwa Suhaib?" Akanyamaza. Ukauliza mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu machozi yakaanza kumtoka. Sheikh akasema, "Mwari akinyamaza ameridhia." Vigelegele vikapigwa. Nawe ukafuta macho ukasema, "Ana haya huyu, kama mdogo wake." Wanawake wote wakacheka.

Hakuwa na haya, baba. Na dada anampenda Suhaib, hilo usilitilie shaka. Mie nilikaa na dada kitandani, ameushika mkono wangu ndani ya kanga. Ulipouliza mara ya pili nilimwambia, "Dada, mjibu baba." Akaninong'oneza, "Nikimjibu, atahesabu alikuwepo."

Halafu ukaagana na watu, simu ikazimwa, baba mdogo akaenda kusoma nikahi. Wakati wa kutolewa aende Mbweni, dada alimbusu mama mkono, akambusu baba mdogo mkono. Akasimama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichosahau. Kisha akapanda gari.

Sasa yangu. Siku ya Idd uliponiambia utanichukua, mie nilinyamaza kwa sababu sikujua nitasemaje. Ni hivyo siku zote. Lakini Ijumaa nimeona kimya cha mtu kinavyosomwa na wengine, nikaogopa. Ndiyo maana leo nimeandika kwa herufi kubwa, usihitaji miwani: SIJARIDHIA. Acha kushughulikia jina langu. Mama amebaki na mie tu. Na siwezi kusoma huko kwa gharama ya siku ya dada. Nitaikumbuka kila nikifungua kitabu. Dada hajui kwamba kiapo kile kilikuwa kwa ajili yangu, na sitamwambia. Akijua, atasema si kitu, na atanipenda vile vile, na hilo ndilo sitaliweza.

Pasi yako ikitoka, njoo. Najua utakuja kwa viza, kama mgeni, kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe. Njoo tu. Ila usianzie Bunju. Anzia Mbweni, usimame mlangoni kwa dada, umwulize tena ukiwa umesimama pale kwa miguu yako. Huenda akakunyamazia tena.

Safari hiyo, baba, usiseme ameridhia.

Mwanao,
Zubeda