Fundi wa Mawe ya Kinu cha Merigi

Mpendwa Baba Njeri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba tumbo langu sasa linaingia katika nyumba ya kinu chetu cha maji hapa Merigi kwa ubavu tu. Mke wangu anasema tupanue mlango. Mimi nasema ni mlango uliopungua kwa mvua.

Unakumbuka tulivyoanza? Mto wa kuzungusha kinu ulikuwa wangu, mkono wa kuchonga mawe ulikuwa wako. Kila wiki chache ulifunga mfereji, ukapindua jiwe la juu, ukalichonga meno upya huku ukinichokoza: "Arap Koros, unga huu una punje nzima. Unalisha watu ama kuku?"

"Chonga, fundi. Ukimaliza utanitukana."

Tulipopata kazi ya kupelekea unga maduka ya wachuma chai, tuliketi juu ya magunia tukataja kila kitu kinachoweza kutuangusha: mto kukauka, fisi kula punda, mahindi kuingiwa na wadudu. Kwa kila moja nilikuwa na dawa, na maneno mengi. Ukaniuliza, "Na ofisi ya serikali?"

Nikacheka. "Ofisi itataka nini na unga?"

Ukarudi kugonga jiwe lako.

Halafu serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na Wakikuyu kama wewe wakaanza kurudishwa kwao kwa nguvu. Tangu uondoke mawe yamekuwa butu. Fundi niliyemtoa Kapkatet alilivunja moja ukingoni. Nilijaribu mwenyewe, nikachonga kidole. Maduka yamehamia kinu cha injini, na akina mama walioniletea mahindi wanarudi nayo kichwani. Wakiuliza, nawaambia serikali ilimchukua fundi. Ni kweli, lakini nimeacha kipande, na hicho ndicho kinaninyima raha.

Wewe ulikuwepo, ila nataka usome kwa mkono wangu. Tulipoitwa ofisini, karani alisema unaweza kubaki kama mimi nitakudhamini kwa sahihi. Ukanigeukia. Leseni yangu ya kinu ilikuwa mezani pake, inangoja muhuri. Nikaogopa. Nikasema, "Huyu hunichongea mawe tu. Simjui sana." Miaka yote ile ulikuwa ukila kwangu.

Hukunilaumu. Uliniambia tu, "Jiwe la chini sijamaliza, Arap Koros," ukamfuata askari.

Karani akapiga muhuri, nami nikamwambia asante.

Nisalimie Njeri na mama yake. Kaa salama, popote walipokuweka.

Ni mimi, mwenzako wa kinu