Saa Moja na Dakika Arobaini na Tano

S.L.P. 47,
Tunduma,
Songwe.
21 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Tumpale,

Shikamoo. Habari za Bukoba? Mguu uliokuwa ukivimba umepata nafuu? Shemeji naye hajambo? Huku tu wazima. Mama Dina alisumbuliwa na kifua wiki mbili, ila sasa amerudi kusimamia mashine ya kusaga, na wateja wanamwogopa kama zamani.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu tukipigiana tunakatiana. Barua haikatiki.

Nina kinyongo tangu Mei, dada, na leo nakitua. Jumamosi ile washenga wa Hezron walitoka Ihanda na jembe la kumposa Dina wangu. Unajua kwetu jembe halipokelewi na baba. Linapokelewa na shangazi, na Dina hana mwingine ila wewe. Ulisoma kwenye simu kwamba uwanja wa ndege wa Bukoba hadi wa Songwe ni kilomita mia nane hamsini na kitu, saa moja na dakika arobaini na tano. Ukaondoka asubuhi hiyohiyo.

Simu ilipima kwa rula. Ndege ya kufuata mstari huo haipo. Tiketi unayouziwa inakuzungusha Dar es Salaam kwanza. Saa nane mchana, wakati nilipowaambia wageni utakuwa umeketi, ulikuwa Dar na ndege ya huku imeshaondoka.

Kosa ni langu pia. Nilianza biashara na gunia moja la mahindi nikafika hapa kwa kuhakiki kila hesabu, yako nikaimeza nzima.

Wageni walikula, wakangoja hadi jua linazama. Mzee Anyosisye, mkuu wa washenga, akaniuliza, "Yesaya, dada yako kapanda ndege au kobe?" Watu wakacheka. Jembe likarudi Ihanda, na Dina hakunisemesha siku tisa.

Sasa habari njema: wamekubali kurudi Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Ila mzee amesema, "Mara ya tatu hatuji."

Safari hii nimepima mwenyewe. Toka nyumbani Jumatano saa sita mchana, ulale Dar kwa mwanangu Felix, Alhamisi upande ndege ya Songwe inayotua saa nane. Mlango wako hadi wangu ni saa ishirini na nane, usingizi ukiwemo. Ukungu ukiizuia ndege, Ijumaa nzima tunayo ya akiba. Njia ya uwanjani nimeiendesha mara mbili kupitia Nanyala. Foleni ya malori ikiwa imeshika Tunduma, ni mwendo wa saa tatu. Isipokuwepo, saa moja na dakika arobaini na tano.

Ndiyo, dada, zilezile. Nilipoangalia saa yangu nilicheka peke yangu garini.

Dina ameshakukatia kitenge, na ameniambia nisikugombeze mbele za watu. Basi nitakuwa uwanjani tangu saa sita. Tugombane humo garini dakika zote mia moja na tano, na tukifika Tunduma tushuke tumemaliza.

Msalimie shemeji, na binti yako Agnes na watoto wake. Mungu akutangulie Bukoba, akupokee Dar, akukabidhi kwangu Songwe.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Yesaya