Wapweke wa Filamu Zetu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa hifadhi ya filamu kanitwika mzigo: wiki ya kuonyesha filamu za zamani za nchi yetu, mada "upweke". Nizitazame zote, niandike kila onyesho lina nani na anafanya nini. Eti mimi ndiye ninayefaa, naishi kimya kimya. Ahsante sana! Mwanamke akishafika hamsini bila mume, kila mtu anamjua kwa upweke wake.

Jumanne, 5 Machi
Filamu mbili. Kiyoyozi kinanipuliza shingoni. Mwanamume anakula amesimama. Mwanamke anapiga pasi mashati ya mtu aliyeondoka. Sisi watu wa salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za watoto — mbona kwenye filamu zetu hakuna anayeitikia? Nimelia kidogo. Upumbavu.

Jioni mlango wa shangazi umefungwa. Yuko kwangu tangu mumewe afariki. Nimekula, nimelala.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Fundi anayesafisha mikanda kasoma maelezo yangu. Akaniita: dada, hapa umeandika chumba kitupu, hebu njoo uone. Akarudisha nyuma. Kwenye kona, karibu na pazia, bibi kizee anakunja nguo. Yumo tangu filamu inaanza, hasemi neno. Fundi akacheka, kumbe hata wewe! Kila mwandika maelezo humruka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeitazama mara mbili, macho wazi, nisimwone.

Ijumaa, 8 Machi
Rafiki yangu kapiga simu. Nikalalamika weee — filamu zimenichosha, nyumba imenichosha, huku niko peke yangu tu, hakuna hata wa kuniambia pole. Kugeuka: shangazi mlangoni, vikombe viwili vya chai mkononi.

Akaviweka mezani taratibu. "Kunywa mwanangu, itapoa." Akarudi chumbani. Chake kakiacha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimegonga. Nimesema shangazi, ulimi hauna mfupa, nisamehe. Kasema hana kinyongo. Lakini keshampigia simu binamu yangu, mwanawe, aje kesho amchukue. Kule watoto wanalala hadi sebuleni! Atalala wapi na magoti yale? Nikamwambia baki.

"Nibaki na nani, mwanangu? Si uko peke yako?"

Kwa upole kabisa. Bora angenitukana. Nampenda huyu mama, na sijui mara ya mwisho nilimwambia lini.

Jumapili, 10 Machi
Amevaa, yuko sebuleni na begi moja. Nimeketi mbele yake. Ghafla kaniuliza, hizo filamu zenu zinahusu nini hasa? Nikamsimulia moja, ya mwanamke anayeuza tiketi stesheni na hasemi na mtu. Nikamwambia mwisho wake hatuujui, mkanda wa mwisho umeoza.

"Umeoza? Mbona mimi niliuona!" Aliiona na marehemu, ikiwa mpya. Akavua viatu, akakunja miguu kwenye kochi, akaanza. Abiria fulani anarudi. Mwanamke anafungua kidirisha. Nimecheka, naye kacheka. Sijui tangu lini hatujacheka humu ndani.

Honi nje, binamu kafika. Kakatiza palepale. "Ngoja nikamwambie azime gari kwanza."

Ametoka pekupeku. Begi liko hapa, viatu viko hapa. Nawasikia wanabishana, maneno siyapati. Gari bado linanguruma.