Avoka zenye hakuna mutu anaokota

Kimemi, Butembo, tarehe 6 mwezi wa tano 2001

Baba Bénite,

Barua yako ilifika na dereva wa camion ya maharagi. Batoto beko na kikohozi ya baridi tu. Jirani yetu alizaa mapacha.

Unauliza kama nimekubali tuhamie huko Beni. Kweli, huku maisha iko bei. Makala imepanda tena, mwenye nyumba alipandisha loyer, na tunalala batu saba mu chumba moja. Donc nilisoma barua yako mara tatu, juu unaandika vizuri: parcelle kubwa ya bei ya chini, asubuhi theluji ya Ruwenzori inaonekana, majani mazuri mpaka ku mulango, na avoka zinaiva zinaanguka, hakuna mutu anaokota.

Mais hapo nilisimama. Huku avoka moja ikianguka, batoto ine banaikimbilia. Huko batoto beko wapi? Majani haiotake ku mulango kwenye batu banapita. Na hauandike jina ya jirani hata moja.

Nilimusomea mama yako. Aliuliza tu, "Benyewe balikimbia, ao balikufa?" Akarudia ku maharagi yake.

Usinunue, Baba Bénite. Kila asubuhi hapa majirani banatwanga sombe pande zote, mpaka kichwa inaniuma. Ile kelele njo ninalipiaka loyer. Rudia, uisikie na wewe.

Mama Bénite