Daraja la Nne Linakutosha, Ummi

Munje,
S.L.P. 31,
Msambweni.
12 Septemba 1999

Mpendwa mpwa wangu Ummi,

Assalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima wa mwili, na kwamba baridi ya Nairobi imeanza kukuzoea, maana kwamba wewe utaizoea nimeshakata tamaa. Je, kile kikohozi kimekwisha? Unakula vizuri? Mama yako anauliza kama huko mnapata samaki. Nimemjibu kwamba wapo, ila wamesafiri kuliko wewe.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu bado linatabiri mvua na bado linakosea. Mama yako presha ilimpanda mwezi uliopita, lakini tangu Alhamisi imeshuka, na sababu ya kushuka ndiyo habari ya barua hii.

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotaka kupimwa lugha ya kigeni ni hili: huuliza kwanza mtihani upi ndio mkubwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa, ni nani atakayeisoma hati yangu, na akishaisoma atanifungulia mlango gani? Wewe uliyekuwa ukinichosha kwa maswali tangu darasa la pili, hili moja uliliruka.

Barua yako ilitutia simanzi. Uliandika kwamba mwenzako darasani amekuambia hati ya Kijapani isiyo ya daraja la kwanza ni karatasi ya kufungia maandazi. Kwamba daraja hilo linataka herufi zao za picha zipatazo elfu mbili, nawe unazo themanini. Na kwamba umefikiri kumwandikia Daktari Morishita nafasi yako ya mafunzo ya maabara huko Japani ampe mtu mwingine. Nilimsomea mama yako maneno hayo. Alikwenda kukuna nazi ambayo siku ile hatukuwa na haja nayo.

Nikaona ni heri nimwulize mwenyewe. Kwa bahati Daktari amerudi kwa wiki mbili kuwapima watoto kichocho katika shule za bondeni. Nilimkuta Alhamisi amekaa kwenye deski la darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni, na watoto wamepanga foleni mbele yake, kila mmoja na kichupa chake cha mkojo. Aliponiona aliinuka.

“Shikamoo, Mwalimu! Ummi yuko wapi? Huku hatuna mtu wa kuhesabu mayai.”

Alikuwa na maana ya mayai ya minyoo, unajua, lakini mtoto mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba Mjapani anafuga kuku. Nikamweleza Daktari shida yako. Alinitazama kama mtu asiyeamini masikio yake.

“Daraja la kwanza? Anataka kuja kusomea sheria?”

“Hapana, Daktari. Anakuja kwako, kwenye maabara.”

“Sasa la kwanza la nini? Mwalimu, mimi sijafanya mtihani wa Kiswahili hata mmoja, na watoto wa Kwale wananiletea mikojo yao bila ubishi!”

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa deski, namshukuru Mungu.

Alinieleza kwa utulivu, nami nakueleza vilevile. Mafunzo yenu yatakuwa kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo mtafundishwa Kijapani cha sokoni na cha kupandia basi. Wanaowachagua wanafunzi wanataka dalili moja tu, kwamba mtu ameianza lugha na ana uvumilivu wa kuendelea nayo. Hati ya daraja la nne ni dalili hiyo. Daraja la kwanza huwafaa wanaoingia chuo kikuu kukaa benchi moja na Wajapani wenyewe. “Akija na la nne nitafurahi,” alisema. “Akija na la kwanza nitamwogopa.”

Nilirudi Munje kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Hapo ndipo ilipotokea kichekesho. Kama ujuavyo, hesabu ya madaraja yao inakwenda kinyume cha madarasa yetu ya shule: la nne ndilo la chini kabisa, na la kwanza ndilo kilele. Mimi kwa furaha nilimwambia mama yako tangu mlangoni kwamba utafanya la nne. Kabla sijavua viatu amekwisha kumwita jirani juu ya ua: “Mwanasha! Ummi wangu wamemrusha madarasa matatu!” Ilibidi niketi nimweleze mwanzo hadi mwisho. Alifikiri kidogo akasema, “Kumbe wenzetu hupanda kwa kushuka. Basi na ashuke, kaka, bora arudi.” Mwanasha hadi leo hajaelezwa, na mimi sina haraka.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. Daraja la nne linataka herufi za picha kama mia moja na maneno kama mia nane. Themanini unazo, na Desemba, mwezi wa mtihani, bado iko mbele. Kuna sehemu ya herufi na msamiati, sehemu ya kusikiliza, na sehemu ya kusoma pamoja na sarufi. Majibu yote ni ya kuchagua. Hakuna insha, na hakuna anayekuuliza neno ukajibu kwa mdomo.

Hilo la mwisho ulishike vizuri. Tumewaona watoto wetu wakihitimu msahafu, wanasoma herufi moja moja bila kukosea, sisi tunatokwa na machozi. Lakini mtoto yuleyule umpeleke Makka aombe maji ya kunywa, atayaomba kwa vidole. Kuhitimu kwake ni kweli, na kiu yake ni kweli pia. Kwa hiyo hati ikupe safari, lakini mdomo uufundishe wewe mwenyewe. Kila jioni mshike mwalimu wako dakika chache baada ya darasa, uongee naye, ukosee, akurekebishe.

Kinyume chako ni Mwangangi, yule kijana wa Shimba Hills anayeendesha wageni Diani. Yeye Kijapani amekiokota barazani hotelini na humwuzia Mjapani safari ya Wasini mpaka mgeni asahau kwamba jua limembabua. Kusoma hajui hata neno la choo. Jana aliniuliza, “Mwalimu, na mimi nifanye hiyo mtihani?” Nikamwambia mtihani huo hautaisikia sauti yake, na sauti ndiyo mali yake, yeye aombe viongozi wa misafara wamwandikie barua ya sifa, itamfaa zaidi. Nasikia upo pia mtihani mwingine wa watu wa biashara na maofisi. Huo mwachie atakayeajiriwa na kampuni zao. Hadubini haitakuuliza mambo ya biashara.

Huyo mwenzako naye usimkasirikie. Huenda anataka chuo kikuu cha Tokyo, na kwake yeye daraja la kwanza ni ngazi ya haki. Kosa lake ni kukupimia kanzu kwa mabega yake.

Nakukumbuka ulipokuwa darasa la tano, ulipopewa vile vidonge vya kichocho mbele yangu. Wenzako waliuliza kama ni vichungu. Wewe uliuliza, “Mjomba, hao minyoo nani amewaona?” Siku chache baadaye Daktari alikuinamisha kwenye hadubini yake, ukakataa kuinuka hadi ukavutwa mkono. Watoto niliowaona Alhamisi wanateka maji kwenye bwawa lilelile. Mtu wa kuwahesabia mayai hawana, kwa sababu yuko Nairobi akiogopa herufi elfu mbili ambazo hakuna aliyemwomba.

Barua hii nampa Mwangangi, anayewapeleka wageni huko kesho, kwa kuwa umesema fomu zinapokewa mpaka Jumatano na posta ingetuchelewesha. Amebeba pia achari ya ndimu kutoka kwa mama yako. Ukiipokea, ikague, kijana huyu ana njaa ya safari.

Mama yako anakubusu. Kaka yako Swabir anasema ukifika Japani usimsahau, bila kutaja usimsahau kwa nini. Nisalimie sana shangazi yako Esha, umwambie nashukuru kwa kukutunza. Mungu akupe afya, akulainishie ulimi na akurudishe kwetu ukiwa na elimu yenye manufaa.

Leo hii, kabla hujaifungua achari, chukua fomu, tia alama kwenye daraja la nne, na umkabidhi mwalimu wako.

Wako akupendaye na aliyepata usingizi tena,
Mjomba Abdurahman